Kukandwa Misuli: Utazamie Nini Mikononi mwa Mkandaji

Miongoni mwa barua zilizotufikia hivi karibuni imo moja ya mama mshonaji, ambaye ameketi mbele ya cherehani kwa miaka kumi na mitano. Shingo na mabega yamemkakamaa, na ifikapo alasiri maumivu humpanda hadi kisogoni. Jirani yake amemshauri aende kukandwa. Mumewe anaona huo ni upotevu wa fedha. Yeye mwenyewe anauliza jambo moja tu: akienda, atafanywa nini?

Swali hili ni la haki kabisa. Haifai mtu kuupeleka mwili wake mahali asipojua utafanywa nini. Kwa hiyo leo tunamjibu mama huyu, na pamoja naye mpagazi wa bandarini, mwalimu asimamaye mchana kutwa, dereva wa daladala na karani ainamaye mbele ya kompyuta.

Kukanda si jambo geni kwetu. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, bibi arusi husingwa kwa manukato, na mchezaji wa mpira aliyeshtua msuli huchuliwa pembeni mwa uwanja. Lugha yenye maneno matatu kwa kazi zinazokaribiana namna hii ni lugha ya watu walioifanya kazi hiyo tangu zamani. Huko Ulaya nako, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, na baadaye daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger, akasaidia kuingiza uchuaji katika shughuli za waganga wa hospitali. Siku hizi kazi hiyo ni sehemu ya elimu ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

Lakini lipo neno jipya linalosikika sana mijini, nalo ni kulegeza fashia. Fashia ni nini? Yeyote aliyewahi kununua mnofu wa ng'ombe buchani ameiona. Kati ya pande moja la nyama na jingine kuna utando mweupe, mwembamba, unaong'aa, ambao mpishi hodari huuondoa kwa ncha ya kisu kwa sababu hauivi upesi. Nasi tunao. Unaufunika kila msuli, unapenya hata katikati ya nyuzi za msuli, na umeungana kutoka unyayoni hadi utosini. Ndani yake mna mishipa mingi ya fahamu, na baina ya matabaka yake mna ute unaoyawezesha kuteleza moja juu ya jingine.

Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa tiba ya osteopathia nchini Marekani, aliutaja utando huu tangu karne ya 19. Baada yake, Bibi Ida Rolf (1896–1979), aliyekuwa mtaalamu wa kemia ya viumbe, alibuni namna yake ya kuukanda kwa kina. Hata hivyo, anayetufaa zaidi katika habari ya mshonaji wetu ni Dakta Janet Travell, yule aliyemtibu Rais John Kennedy. Mwaka 1983, akishirikiana na David Simons, alichapisha kitabu kikubwa juu ya vifundo vya maumivu. Walieleza kwamba ndani ya msuli uliochoka huweza kutokea mahali padogo pagumu, ambapo pakibonyezwa maumivu husikika mbali na hapo. Kifundo cha begani, kwa mfano, huweza kuumiza shingo, kisogo na hata pembeni mwa paji la uso. Wapo watu wanaomeza vidonge vya kichwa kila siku ilhali chanzo kiko begani.

Sasa tuingie chumbani. Mtaalamu wa kweli haanzi kwa mikono, bali huanza kwa maswali: maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, unafanya kazi gani, una maradhi gani mengine, unatumia dawa gani, je, ni mjamzito? Akikulaza kitandani bila kukuuliza lolote, una haki ya kuamka na kwenda zako. Atakutazama unavyosimama, atakuomba ugeuze shingo na kuinua mikono. Kisha atakuambia sehemu gani anataka kuigusa na kwa nini.

Juu ya nguo, ambalo nadhani ndilo lililokuwa moyoni mwa mwandishi wa barua ingawa hakulitaja, utaratibu ni huu. Hufunuliwa sehemu inayotibiwa tu, na iliyobaki husitiriwa kwa shuka. Shingo na mabega havihitaji mtu avue nguo zake za chini. Mwanamke anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamke mwenzake, au mumewe ama ndugu yake aketi chumbani. Ombi hilo si utovu wa adabu, na mtaalamu mwenye heshima halichukii. Mkono ukienda mahali ambapo haukutajwa, sema wazi, ondoka, na utoe taarifa kwa wakuu wa mahali hapo au polisi.

Katika kukanda kwa kawaida hutumiwa mafuta ili mikono iteleze. Ya nazi na ya ufuta hufaa sana. Utasikia mikono ikipita kwanza polepole, kisha ikiminya na kukamua misuli kama mtu akandaye unga wa chapati. Kulegeza fashia ni tofauti. Hapo mafuta huwa kidogo sana au hayapo kabisa, kwa maana mikono inatakiwa ishike ngozi, isiteleze. Mtaalamu hubonyeza, huvuta taratibu upande mmoja, kisha hutulia hapo kwa dakika moja, mbili au zaidi. Asiyezoea hudhani mtaalamu amesinzia! Wakati huo unaweza kusikia joto, au hali ya kuvutwa, au maumivu yale yale unayoyajua yakijitokeza na halafu kufifia. Kazi yote huchukua kati ya nusu saa na saa moja.

Maumivu kidogo ni ya kawaida, lakini mateso si dawa. Wapo wanaoamini kwamba asiyelia hajakandwa. Huo ni upotofu. Mwili unaoumizwa hujikaza, na msuli uliojikaza haulegei hata ukandwe na mpiga masumbwi. Ukiona unabana pumzi au kukunja ngumi, mwambie mtaalamu apunguze nguvu.

Ukimaliza, inuka polepole, kwani baadhi ya watu husikia kizunguzungu. Siku moja au mbili zinazofuata unaweza kuhisi uchovu wa misuli, kama mtu aliyelima baada ya kupumzika msimu mzima. Maji kunywa kwa kiu yako. Utaambiwa unywe mengi ili kutoa sumu iliyokamuliwa misulini, nawe usisumbuke na hadithi hiyo: kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya maini na mafigo, nayo haingoji mkandaji.

Je, inaponya? Hapa inatupasa tuwe wakweli, kwa kuwa fedha za mshahara haziokotwi. Mwaka 2008 wataalamu huko Marekani walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba fashia ngumu, kama ya pajani na ya unyayo, huhitaji nguvu kubwa kuliko ya mikono ya binadamu ili ibadilike umbo. Anayekuambia kwamba ameinyoosha fashia yako kwa vidole, basi, anakuuzia maneno. Nafuu inayopatikana ni ya kweli, lakini huenda inatokana zaidi na mishipa ya fahamu kutulia na msuli kuacha kujihami. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilihesabu kukandwa miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza, kabla ya vidonge, kwa maumivu mapya ya kiuno. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, ambayo lilikadiria kwamba maumivu ya kiuno kwa jumla yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020. Likakubali kukanda pamoja na mazoezi na elimu, likakataa mikanda ya kiunoni. Nafuu ya kukandwa aghalabu ni ya muda mfupi. Ikiwa baada ya mara tatu au nne huoni mabadiliko, acha kulipa.

Ndugu msomaji, sehemu inayofuata isomee wote nyumbani, wazee kwa vijana.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, hasa shavu la mguu, ukawa na joto na kuuma, usichuliwe na mtu yeyote. Yawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Hali hii huwapata zaidi waliojifungua karibuni, waliopasuliwa, waliofungwa plasta, au waliokaa ndani ya basi safari ya mchana kutwa. Mikono yenye nia njema inaweza kulisukuma donge hilo hadi mapafuni, na mtu akafa mbele ya waliokuwa wakimsaidia. Mguu wa namna hiyo ni wa kupelekwa hospitali leo, si kesho.

Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yanahitaji uchunguzi. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na mgongo ulioliwa na ugonjwa huo ukikandamizwa unaweza kuleta ulemavu. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukashindikana kuzuiliwa au kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Aliyeanguka au kugongwa na pikipiki apigwe picha ya mifupa kwanza. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asikandwe kwa maji ya moto, kwani ataungua bila kujua. Na mzazi aliyepasuliwa, tumbo lake liachwe mpaka daktari atoe ruhusa.

Turudi kwa mshonaji wetu, ambaye barua yake haikutaja dalili yoyote kati ya hizi. Aende kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali iliyo karibu naye, aulize bei kabla ya kulala kitandani, na aombe afundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani. Mumewe aende naye. Akiogopa gharama, na atazame mikono ya mtaalamu, kisha jioni aketi nyuma ya mkewe na vijiko viwili vya mafuta ya nazi, aminye mabega taratibu kwa robo saa, bila kugusa upande wa mbele wa shingo ilipo mishipa mikubwa ya damu. Wasio na wa kuwakanda waegemee ukuta, waweke mpira wa tenisi kati ya ukuta na bega, wausukume polepole hadi upate mahali panapouma, watulie hapo kidogo.

Kisha kuna kiti. Wengi wa mafundi wetu huketi juu ya kigoda kifupi mbele ya meza ndefu, mabega yakapanda hadi masikioni. Kiti kiinuliwe kwa mto mgumu hadi viwiko vilingane na meza, taa isogezwe karibu ili shingo isichungulie, na kila nguo moja ikimalizika fundi asimame, atembee hadi mlangoni na kurudi, kabla ya kushika nyingine.