Mguu wa Kisukari Hautibiwi kwa Unga wa Rangi Mbili

Mwenye kisukari huweza kukanyaga msumari asihisi, kwani mishipa ya fahamu ya miguu imeingia ganzi. Haumi, basi hupuuza. Nimewapokea wazee walioletwa na harufu tu, kidonda kimejazwa unga wa rangi mbili. Tabia hii naipinga kabisa.

Kidonda kipya mara nyingi huwa na bakteria aina ya stafilokokasi na streptokokasi. Kikikaa huingia wengine, na penye nyama iliyokufa hustawi wale wasiohitaji hewa, ndio wenye ile harufu. Unga wa kubahatisha hauwawezi wote hao, wala haufiki mfupani. Nyama hiyo sharti iondolewe, sukari nayo ishushwe.

Sisi tunaosali tunaosha miguu tunapotawadha. Basi tazama na nyayo. Kama huoni vizuri, mwite mjukuu. Kausha katikati ya vidole: unyevu huleta fangasi, ngozi ikapasuka, bakteria wakapata mlango. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, si kwa mguu.

Na mwenye kidonda asilazimishe maji akidhani ndio uchamungu. Tayamamu ipo. Muulize sheikh wako namna yake, lakini hospitali nenda leo.