Undugu hauji kwa amri

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakulima wa Litowa, Ruvuma, walianza kuishi na kulima pamoja kwa hiari. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, lakini mwaka 1969 TANU ikauvunja umoja wao. Kuanzia 1973, kuhamia vijijini kukawa amri, na wengi walihamishwa kwa nguvu.

Husemwa kwamba Ujamaa ulishindwa kwa sababu binadamu ni mbinafsi. Sikubaliani. Litowa walishirikiana, kilichokosekana baadaye ni uhuru. Hata katika Kanisa la mwanzo, lililoshirikiana mali, Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, auze asiuze (Mdo 5:4).

Ndoto njema ikimgeuza mtu kuwa chombo, imekwisha kuharibika. Tunaojiandaa kuongoza jumuiya tulizingatie hilo.