KONA YA MWALIMU: Laptopu ao mashini ya meza?

Mwezi huu niliahidi kuandika juu ya mitihani, lakini mniruhusu niiweke pembeni kwanza. Wengi wananisimamisha njiani, hata pale kwenye bomba la maji, wananiuliza: "Mwalimu, ile feza tuliyochanga mliifanyia nini?" Ni swali la haki. Nalijibu hapa mbele ya wote.

Kama mnavyojua, kompyuta ya chumba chetu cha kusomea ilikufa. Ilikuwa mashini ya meza, ya zamani, tuliyopewa. Jioni moja umeme ulikatika, halafu ukarudi kwa nguvu. Tukasikia "pa!" na harufu ya kuungua. Kosa lilikuwa langu. Nilijua kwamba umeme ukikatika lazima kuchomoa waya ukutani, na sikuchomoa.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Ndani ya ile mashini kulikuwa na barua na insha za wanafunzi watano waliokuwa wanaomba nafasi ya chuo kikuu, na mimi sikuweka nakala hata kwenye flashi moja. Zilikuwa zimebaki siku sita za kutuma. Msichana mmoja kati yao alikaa chini mlangoni, hakusema kitu. Kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko kugombezwa.

Jamaa mkachanga, kila mtu kwa uwezo wake, ikatimia faranga 190,000. Halafu ubishi ukaanza. Vijana walitaka laptopu. Wazazi wengi walitaka mashini ya meza kama ile ya kwanza. Mama mmoja alisimama kwenye mkutano akasema: "Laptopu iko na miguu. Leo iko hapa, kesho iko kwa rafiki, kesho kutwa hatujui iko wapi." Watu walicheka, lakini alisema ukweli. Mkutano ukanituma Kigali niulize kwa mafundi kwanza ndipo ninunue.

Nilipata ruhusa ya kutoka, nikapanda basi la alfajiri mpaka Remera, na kutoka pale mpaka mjini Nyarugenge. Ile mashini iliyokufa niliibeba ndani ya gunia. Mabega yalinifundisha somo la kwanza kabla sijafika kwa fundi! Na kioo chake nilikuwa nimekiacha nyumbani.

Fundi aliifungua, akaangalia, akasema kisanduku cha umeme kimeungua pamoja na ubao mkubwa wa ndani, na kwa umri wake kuitengeneza ni kupoteza feza. Lakini alitoa diski, akaiunganisha kwa waya kwenye mashini yake mwenyewe. Barua zote tano zilikuwa mle! Akazinakili kwenye flashi. Wazazi, mjue jambo hili: mashini ikifa, mara nyingi diski bado ni nzima. Msiitupe wala msiiuze kama chuma chakavu kabla fundi hajaiangalia.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, bei. Kwa feza ile ile, mashini ya meza iliyotumika huwa na nguvu kushinda laptopu iliyotumika. Hapo wazazi walikuwa na haki.

Pili, kutengeneza. Mashini ya meza ni kama baiskeli: kikiharibika kipande kimoja, unabadilisha kile tu. Kibodi ikifa, unanunua kibodi. Kioo kikipasuka, unaweka kingine. Laptopu vyote vimebanana pamoja. Mtoto akimwaga chai juu yake, inaweza kufika mpaka ndani kabisa.

Tatu, umeme. Mashini ya meza pamoja na kioo chake inaweza kutumia wati 100 hivi. Laptopu ya kawaida, wati 40 hivi ao chini yake. Kwa wenye sola ao Cash Power, hiyo tofauti inaonekana upesi. Tena laptopu iko na batri: umeme ukikatika unaweza kuhifadhi kazi yako na kufunga vizuri. Mashini ya meza inazimika hapo hapo, isipokuwa umenunua na batri ya pembeni, ambayo ni feza nyingine.

Nne, kuhama. Sisi tuliotoka Gihembe tunakumbuka mwaka 2021 kambi ilipofungwa tukaletwa Mahama. Kila jamaa ilihesabu mizigo yake. Na kuna wanaongoja safari ya mbali zaidi. Kitu kinachoingia kwenye begi kina faida yake katika maisha yetu.

Hata serikali ya Rwanda, ilipoanza mwaka 2008 kupeleka kompyuta ndogo za XO kwa watoto wa shule za msingi, ilichukua laptopu zinazokula wati chache tu. Mahali ambapo umeme ni shida, batri ina neno lake.

Basi, tulichagua nini? Tulinunua laptopu iliyotumika, lakini tukaifanya ikae kama mashini ya meza. Tulinunua kibodi na mausi za pembeni. Watoto wanapiga zile, siyo zile za laptopu yenyewe. Zikiharibika tunabadilisha kwa feza kidogo. Halafu tuliifunga kwenye meza kwa waya wa chuma na kufuli, na funguo ni mbili: moja kwangu, moja kwa yule mama aliyesema laptopu iko na miguu. Kamati ilimchagua bila ubishi. Bila sisi wawili kuwepo pamoja, haitoki chumbani.

Hesabu ni hii: laptopu 145,000, kibodi na mausi 10,000, waya na kufuli 7,000, flashi mbili 8,000, fundi 5,000, nauli ya kwenda na kurudi 10,000. Jumla 185,000. Zimebaki 5,000 kwa mweka hazina. Karatasi za dukani ziko chumbani, kila mtu anaweza kuja kuziona.

Kwa jamaa inayotaka kununua ya kwake, shauri langu ni hili. Kama ni ya kukaa mahali pamoja, umeme ni mzuri na watumiaji ni wengi, mashini ya meza inatosha na ni rahisi. Kama umeme unakatika ao mnaweza kuhama, chukua laptopu. Na ukiwa dukani:

1. Chomoa chaja, uitumie kwa batri tu kwa dakika 20. Muuzaji akikataa, nenda duka lingine.
2. Fungua barua, piga kila herufi moja moja. Jaribu pia matundu ya flashi.
3. Uliza ni ya mwaka gani. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za kabla ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Hizo bado zinaweza kufanya kazi na Linux, ambayo ni ya bure, lakini bei lazima ishuke.
4. Dai karatasi yenye jina la duka, tarehe na namba ya mashini. Njiani ukiulizwa umeitoa wapi, utakuwa na jibu.

Mimi muuzaji mmoja alinionyesha laptopu inayong'aa kama mpya, bei nzuri. Tulipochomoa chaja ilizimika mara moja. Alisema ni bahati mbaya tu. Nikamwambia asante, nikatoka.

Na wale wanafunzi watano? Walimaliza barua zao kwenye mashini mpya na zikatumwa zikiwa zimebaki siku mbili. Majibu bado. Tuwaombee. Sasa kila Ijumaa kazi zote zinanakiliwa kwenye flashi mbili, moja inabaki chumbani, nyingine inalala kwa mwenye funguo ya pili. Nikisahau, yeye ananikumbusha, na sauti yake mnaijua.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye ile habari ya mitihani. Mbaki na amani.

Mwalimu wenu wa kujitolea