Skrubu Yenye Kutu Mbele ya Mahakama ya Juu

Rufaa dhidi ya uamuzi wa kukubali au kukataa ushahidi wa upekuzi nchini Marekani ina sehemu mbili. Matukio aliyoyathibitisha jaji wa awali huachwa yalivyo, isipokuwa kosa liwe dhahiri. Kama yalitosha kuhalalisha upekuzi, hilo hupimwa upya. Ndivyo Mahakama ya Juu ilivyoamua mwaka 1996, majaji wanane kwa mmoja, kuhusu gari lililopekuliwa Milwaukee: skrubu ya mlangoni ilikuwa na kutu, polisi akashuku kuna kitu kimefichwa, akafungua paneli iliyolegea, akakuta kilo mbili za kokeni. Jaji Antonin Scalia alipinga, akitaka jaji wa awali aheshimiwe zaidi. Hoja hiyo ina uzito, ila polisi anahitaji kujua mpaka wake kabla hajashika bisibisi, na mpaka huo usitegemee kesi imeangukia kwa jaji gani.