Risasi haichaguliwi kwa kishindo

Wiki hii naomba tuyaache kidogo ya mapenzi na mavazi, twende porini. Tena si pori la kwetu. Nawapeleka Marekani, kwa jamaa wanaowinda kwa bastola, na ambao risasi zao hawanunui dukani. Wanazimimina wenyewe nyumbani, mithili ya mama ntilie na vitumbua vyake.

Nimeileta mada hii kwa sababu moja. Kila nikipita kijiweni nawakuta vijana wanabishana bastola ipi ndiyo kiboko, na kipimo cha kila mmoja ni mlio. Aliyewahi kuiona Dirty Harry, ile filamu ya mwaka 1971 ya Clint Eastwood, atakwambia .44 Magnum ndiyo mwisho wa maneno, na mwingine asipinge. Lakini wale wenyewe wanaoingia nayo porini ukiwasoma, mlio ni kitu cha mwisho kabisa kwenye hesabu zao. Wao wanaanza na mnyama. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kwanza tuelewane lugha. Kiswahili chetu kinaita "risasi" vitu viwili: yale madini mazito ya kijivu, na kile kitu kinachotoka kwenye mtutu. Wazee hawakubahatisha, maana cha pili kimetengenezwa kwa cha kwanza. Risasi nzima ya bastola ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki ile inayogongwa na nyundo kwa nyuma, baruti ndani yake, na kichwa mbele. Mwindaji ninayemsema anaokota maganda yaliyokwisha kutumika, anayasafisha, anatia fataki mpya na baruti mpya, kisha anaweka kichwa alichokisubu mwenyewe. Kichwa hicho kinatoka kwenye kalibu, yaani umbo la chuma lenye pande mbili zinazofungwa kama kitabu. Unamimina madini yaliyoyeyuka, unasubiri yagande, unafungua, kinadondoka kichwa kinachong'aa kama sarafu mpya.

Utasema, kwa nini mtu ajipe kazi yote hiyo wakati maduka yapo? Jibu lipo kwenye mwendo. Risasi ya bunduki kubwa ya kuwindia, kwa mfano .30-06, inatoka kwa mwendo wa mita 850 hivi kwa sekunde. Ile ya .44 Magnum inatoka kwa mita 350 mpaka 400. Hata nusu yake ni shida kufika! Maana yake bastola haina ubavu wa kutegemea kasi. Kama haina kasi, itabidi itegemee uzito na umbo. Na uzito na umbo la kichwa ndivyo vitu viwili unavyovichagua pale unapochagua kalibu.

Aliyewafungua macho wenzake kwenye jambo hili ni bwana mmoja anaitwa Elmer Keith, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufariki 1984. Alikuwa mchunga ng'ombe wa Idaho, kofia kubwa na sigara nene, halafu akawa mwandishi. Ujana wake si mchezo: alipasua bastola ya .45 kwa kuishindilia baruti kupita uwezo wake, akahamia .44 Special ambayo kuta za silinda yake ni nene zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 akabuni kichwa chake mwenyewe. Pua bapa, bega kali lenye upana kamili wa mtutu, na mfereji mpana wa kuwekea mafuta. Kampuni ya Lyman ikatengeneza kalibu yake na kuipa namba 429421. Kichwa kinachotoka humo kina uzito wa greini 250 hivi, ambazo ni kama gramu 16.

Pua bapa kazi yake nini? Kichwa cha mviringo kikiingia kwenye nyama kinaisukuma pembeni na kuteleza, na nyuma yake tundu linajifunga. Kichwa bapa hakitelezi, kinaponda na kuacha tundu lenye upana wake. Kikiwa kizito kinaendelea na safari mpaka upande wa pili. Matundu mawili, damu inadondoka, na mnyama hata akikimbia hatua kadhaa anafuatika. Hilo ndilo lengo zima, msomaji wangu. Si kumtisha mnyama kwa mlio, bali kumaliza kazi haraka asiteseke.

Keith alipiga kelele miaka na miaka akitaka .44 yenye nguvu zaidi, mpaka Smith & Wesson na Remington wakamsikia. .44 Magnum ilitoka mwishoni mwa mwaka 1955. Kabla yake, tangu 1935, ilikuwapo .357 Magnum, na Douglas Wesson wa kampuni hiyo hiyo aliwinda nayo wanyama wakubwa kuonyesha kwamba inawezekana. Keith hakuridhika nayo. Kwake yeye tundu pana na kichwa kizito vilikuwa ndiyo bima ya mwindaji, na wawindaji wengi wa leo bado wako upande wake.

Sasa tuje kwenye madini yenyewe. Risasi tupu ni laini, ukiikwaruza kwa kucha inabaki alama. Kwenye kipimo cha ugumu cha Brinell inapata 5 hivi. Ukiisukuma kwa kasi ya magnum inapakaa kwenye mtutu kama uji kwenye sufuria, na shabaha inakwenda na maji. Ndiyo maana inachanganywa na bati na antimoni. Mchanganyiko mmoja maarufu ni asilimia 90 risasi, 5 bati na 5 antimoni, nao unafika 15 kwenye kipimo hicho. Wengine kwa miaka mingi walikuwa wanayeyusha vile vyuma vidogo vinavyobanwa kwenye rimu wakati wa wili balansi. Siku hizi vinapatikana kwa shida, maana sehemu nyingi vimegeuzwa vya zinki au chuma.

Na kuna kitu kilichonifurahisha mimi mtu wa magazeti. Zamani herufi za gazeti zilikuwa zinasubiwa kwa mashine ya Linotype, iliyoanza kazi New York mwaka 1886. Madini yake yalikuwa asilimia 84 risasi, 12 antimoni na 4 bati, magumu kiasi cha 22. Magazeti yalipoingia kwenye kompyuta mashine zile zikatupwa, kwa mfano New York Times waliachana nazo mwaka 1978. Wawindaji wakayadaka yale madini. Kwa hiyo wapo kulungu wa Marekani walioangushwa na kilichokuwa habari ya ukurasa wa mbele! Hebu fikiria.

Lakini usije ukadhani kigumu zaidi ndiyo bora zaidi. Hapa ndipo vijana wengi wangechemsha. Kichwa kigumu sana chenye antimoni nyingi kikikutana na mfupa kinaweza kupasuka vipande. Tena kikiwa na baruti kidogo nyuma yake hakitanuki kuziba mtutu, moto unapita pembeni na kukila, na mtutu unajaa madini vile vile. Kwa mwendo wa pole pole, kilaini ndiyo dawa. Kwa mwendo mkali, wapo wanaovisha kitako cha kichwa kikombe kidogo cha shaba ili moto usikiguse. Kila mwendo una madini yake.

Kitu cha tatu ni saizi. .44 ni jina tu la kihistoria. Upana wenyewe ni inchi 0.429, na ndiyo maana namba ya kalibu ya Keith inaanza na 429. Mwindaji makini kabla ya kununua kalibu anapima kwanza matundu ya silinda na mtutu wa bastola yake, kisha anatafuta kichwa kinachozidi mtutu kwa sehemu moja ya elfu ya inchi. Kikiwa kidogo, moto unapenya pembeni. Tena bastola mbili za kampuni moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kidogo. Ni kama viatu: namba ni ile ile lakini kimoja kinakubana, kingine kinakutoka.

Na baruti je? Baruti ni ya mwisho, wala haikisiwi. Vipo vitabu vya vipimo vilivyojaribiwa kwenye maabara, na mtu anaanzia kwenye kipimo cha chini na kupanda taratibu. Kichwa kikibadilika uzito, au kikikaa ndani zaidi ya ganda, shinikizo nalo linabadilika. Keith mwenyewe alijifunza kwa bastola kumpasukia mkononi. Wengi waliomfuata wanapima kila ganda kwa mizani, na hawatafuti mlio mkubwa. Wanatafuta kipimo kinachogonga pale pale kila mara, kwa sababu mnyama hafi kwa kishindo, anafa kwa kupigwa mahali panapostahili.

Ndiyo maana wengi wenye busara hawapigi mnyama aliye mbali. Hatua hamsini, zikizidi sana mia, basi. Akiwa mbali zaidi wanamwacha aende zake. Mimi jambo hilo ndilo lililonigusa kuliko chuma chote nilichokisoma. Mtu ametumia majira mazima jikoni na gereji, ameyeyusha, amepima, amepiga makaratasi mamia, halafu kulungu anasimama hatua mia na ishirini, naye anaishusha bastola. Mnyama aliyejeruhiwa akaingia msituni kufa siku ya tatu ni aibu ambayo hakuna kalibu inayoifuta.

Sasa na upande wa uchungu. Risasi ni sumu. Anayeisubu ndani bila hewa anajiharibu mwenyewe, na wanawe pia kwa vumbi analowapelekea kwa nguo na mikono. Kusubu kunataka mahali penye hewa, miwani, glovu, na kunawa kabla ya kushika chakula. Tena risasi inayeyuka kwenye nyuzijoto 327, na tone moja la maji likitumbukia humo linageuka mvuke papo hapo na kurusha moto usoni kwako.

Porini nako mabaki ya risasi kwenye mizoga yanaua ndege wanaokula mizoga. Yule tai mkubwa wa California, kondori, alibaki 22 tu duniani mwaka 1982, na sumu ya risasi ilikuwa moja ya sababu. Ndiyo maana tangu Julai 1, 2019 jimbo la California limepiga marufuku kuwinda kwa risasi za risasi. Huko mwindaji anatumia shaba, na kalibu yake ya Keith anaitumia kwa shabaha ya makaratasi tu.

Na ninyi mnaosoma hapa msije mkachemsha sufuria kesho. Kwetu silaha bila leseni ni kesi, sheria ya silaha ya mwaka 2015 ipo, na polisi hawataki kusikia habari za hobi.

Mimi nimechukua kimoja tu kwa wale jamaa. Wanaanza na swali la kwamba kazi ni ipi, wanachagua umbo, wanachagua madini, wanapima saizi, na nguvu wanaiweka mwisho. Sisi mjini tunaanza na nguvu: spika kubwa kwanza, nyimbo baadaye, pikipiki ya mlio kwanza, breki baadaye. Mwenye kuanza na kishindo mara nyingi humaliza na mnyama aliyejeruhiwa, na wa kwenda kumtafuta gizani hayupo.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kijiweni mkibishana, mpeni na Keith nafasi ya kuongea.