Kabla ya Jumatano ya Majivu

Yale matawi yaliyobarikiwa Dominika ya Matawi mwaka jana yamekwisha kukauka ukutani. Yarudisheni kanisani mapema, kwani majivu ya Kwaresima hutoka humo.

Mkristo mwenye miaka 18 mpaka 59 hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: chakula kamili mara moja tu. Hilo si gumu sana. Wengi wetu twala mara moja hata pasipo amri.

Lililo gumu ni hili. Baba aahidi kuacha pombe siku 40. Vema. Lakini fedha za pombe zalala wapi? Zikikaa mfukoni kungojea Pasaka, hakujinyima kitu, ameweka akiba ya ulevi. Papa Leo Mkuu, aliyekufa mwaka 461, aliwafundisha Warumi kwamba anachojinyima mfungaji kiwalishe maskini.

Basi, baba, keti na mama watoto kabla ya Jumatano. Hesabuni pamoja: faranga ngapi kila juma, na kwa mjane yupi. Kisha mtumeni mtoto wenu mkubwa azipeleke jioni, asimweleze mtu njiani.