Nyanya Asiye na Nafasi Katika Fomu

Juzi nilikuwa nikisahihisha ripoti za wanafunzi wangu wa ustawi wa jamii waliorejea kutoka mazoezini mashinani, nikakutana na fomu iliyonitia haya. Ilimhusu mvulana wa miaka tisa. Penye baba pameandikwa 'amefariki', penye mama vivyo hivyo, na penye mlezi 'hayupo'. Hali katika ukurasa wa tatu mwanafunzi yuyo huyo anasimulia jinsi nyanya wa mtoto alivyomkaribisha chai, akamwonyesha sare na madaftari aliyoyanunua kwa kuuza sukuma wiki. Nilipomwuliza kwa nini hakumwandika ajuza huyo, alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, fomu haina nafasi yake."

Simlaumu. Fomu nilimpa mimi, nami niliirithi kwa walionifunza, nao waliitoa katika vitabu vya Uingereza na Marekani ambamo jamaa ni baba, mama na watoto wao, basi.

Wamaori wa New Zealand walionja uchungu huu kabla yetu, tena kwa ukali zaidi. Watoto wao walikuwa wakichukuliwa na idara ya serikali na kutengwa na koo zao. Katika miaka ya 1980 iliundwa kamati chini ya John Rangihau, mzee wa Tuhoe aliyeifanya kazi ya ustawi miongoni mwa watu wake kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Waikato. Kamati ilikwenda kuwasikiliza watu katika viwanja vyao vya mikutano. Ripoti yake, Puao-te-Ata-Tu, yaani mapambazuko, ilisema waziwazi kwamba ubaguzi ulikuwa umejengwa ndani ya idara yenyewe. Sheria ya mwaka 1989 ikafuata: kabla ya uamuzi mkubwa juu ya mtoto, ukoo huitwa kikaoni, na ifikapo saa ya kushauriana, maafisa hutoka nje na kuwaachia wenyewe.

Je, mambo yalitengenea? La. Mwaka 2019 nchi hiyo ilitikisika kwa jaribio la kumtwaa mtoto mchanga wa Kimaori hospitalini, na mwaka 2021 Baraza la Waitangi likaikosoa serikali vikali kuhusu watoto hao. Nionavyo mimi, sheria ilibadilishwa upesi kuliko vichwa vya wanaoitekeleza, na vichwa hivyo hutengenezwa darasani.

Kinaya ni kwamba wanafunzi wetu husoma habari za kikao hicho kwa Kiingereza kama maarifa mapya kutoka ng'ambo, ilhali wengi wao wamekalishwa kwenye vikao vya koo zao tangu utotoni!

Hapa Kenya, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inautambua ulezi wa jamaa, pamoja na kafala ya Waislamu. Sheria imemwona nyanya. Chuo bado.

Aghalabu tukiambiwa haya, huongeza mhadhara mmoja juu ya mila, tukamwalika mzee, akapigiwa makofi, akapewa soda na nauli. Hiyo si heshima. Ninachodai ni kwamba wanaojua malezi ya mahali fulani, wakiwamo akina mama wasio na cheti chochote, walipwe kama wakufunzi, na sehemu ya alama za mazoezi itoke mikononi mwao. Mwanafunzi naye asome ripoti yake mbele ya jamaa aliyowaandika, kwa lugha waielewayo.

Wenzangu wataniuliza kuhusu wazee wanaompokonya mjane shamba au kumwoza msichana wa shule. Swali hilo ni zito, nami sina nia ya kulikwepa. Mila zetu zina dhuluma zake. Lakini mwanafunzi atajifunzaje kubishana na mzee ambaye hajawahi kumwona darasani ila kama mgeni wa kupigiwa makofi?

Wiki hii nimempelekea mkuu wa idara yetu fomu nyingine. Baada ya jina la mtoto, swali la kwanza ni hili: Jana usiku alipikiwa na nani?